Mvua Imebadilika, na Sisi Je?

Kila mwaka ifikapo Oktoba, hapa Mwankoko tunaulizana swali moja. Tunaulizana kisimani, tunaulizana njiani tukienda mjini Singida, tunaulizana hata kilabuni jioni: "Jamani, mwaka huu tupande nini?"

Zamani wazee walijibu bila kusita. Walitazama miti inavyochipua, wakatazama upepo na mawingu, kisha wakasema, "Tayarisheni majembe." Siku hizi hata wazee wanasita. Mvua inaanza, tunapanda, halafu inakata wiki tatu na miche inakauka. Mwaka mwingine inakuja kwa fujo, inazoa udongo pamoja na mbegu.

Basi leo tuzungumze habari hii. Miti, wanyama na watu huishije pale hali ya hewa inapobadilika? Na sisi tufanye nini kabla msimu haujaanza?

KITU GANI KIMEBADILIKA?

Kwanza tusichanganye mambo mawili. Mwaka mmoja wa ukame si ajabu katika Mkoa wa Singida. Hii ni nchi kavu tangu zamani. Tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Babu zetu waliijua njaa. Majirani zetu Wagogo wa Dodoma wanaikumbuka njaa waliyoiita Mtunya, iliyowapata mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wengi wetu tumesikia pia habari za ukame wa 1973 na 1974, ambao uliifanya Serikali itangaze Kilimo cha Kufa na Kupona.

Sasa sikilizeni. Mtu akinuna siku moja, hatusemi kwamba hiyo ndiyo tabia yake. Labda ameamka vibaya. Lakini akinuna mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, tunasema tabia yake imebadilika. Nchi nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana wataalamu wanatumia neno "tabianchi", yaani tabia ya nchi. Wao hupima joto na mvua kwa miaka 30 au zaidi, ndipo waseme tabia imebadilika au haikubadilika.

Na wamepima. Dunia nzima imepata joto zaidi. Mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko mwaka wowote uliopata kupimwa. Ulizidi kwa digrii 1.5 hivi joto la kawaida la zamani, kabla viwanda havijawa vingi. Sababu kubwa ni moshi na hewa inayotoka katika makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa viwandani, kwenye magari na kwenye mitambo ya umeme. Kukata na kuchoma misitu kunaongeza. Hewa hiyo inaitwa hewa ukaa. Inakaa juu na kuzuia joto la dunia lisitoke, kama vile shuka la pili linavyozuia joto la mwili usiku wa baridi ya Juni.

Mtu atauliza: "Mbona sisi hatuna viwanda hivyo?" Ni kweli. Afrika nzima inatoa sehemu ndogo sana ya hewa hiyo. Waliochafua zaidi ni nchi tajiri, na wanaoumia mapema ni wakulima wasio na bomba la kumwagilia. Hilo si haki, na nchi zetu zina haki ya kulisema katika mikutano ya dunia. Lakini mahindi hayangoji mikutano.

Tena tukumbuke kwamba mabadiliko haya si ukame tu. Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, kwa hiyo mvua ikinyesha inaweza kunyesha kwa nguvu zaidi. Mwishoni mwa 2022 mvua zilichelewa, na hata Dar es Salaam watu waligawiwa maji kwa zamu. Mwaka mmoja baadaye, mwezi Desemba 2023, mvua kubwa ilishusha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang, kaskazini mashariki ya kwetu. Sehemu ya mji wa Katesh ilifunikwa na watu zaidi ya 80 walikufa. Kiu na gharika, mwaka hadi mwaka. Anayejiandaa kwa ukame peke yake amejiandaa nusu.

NJIA TATU ZA VIUMBE

Tutazame viumbe wa nchi kavu. Wao wamekaa na shida hii muda mrefu kuliko sisi. Wana njia tatu kubwa.

Njia ya kwanza ni kuweka akiba. Mbuyu hujaza maji katika shina lake wakati wa mvua. Kiangazi kikija hupukutisha majani, maana majani ndiyo yanayopoteza maji. Watu husema mbuyu umekauka, kumbe unabana matumizi.

Njia ya pili ni kulala. Chura wengine hujizika katika udongo wenye unyevu na kungoja miezi mingi. Samaki aitwaye kamongo hufanya vile vile ndani ya tope la bwawa linalokauka. Mtama nao unajua kulala. Jua likizidi kabla haujachanua, hukunja majani na kusimama bila kukua. Mvua ikirudi, unaendelea pale ulipoachia. Mahindi hayana ujuzi huo. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele na ndevu, magunzi yanabaki na punje za kuhesabu, hata kama mvua itakuja tele wiki inayofuata.

Njia ya tatu ni kuhama. Tazameni heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi tunaowaona Ziwa Singidani na Ziwa Kindai. Wanakula viumbe vidogo sana vya kijani vinavyoota katika maji ya magadi. Mvua ikiwa nyingi, magadi yanazimuliwa na chakula kinapungua. Ziwa likikauka, chakula kinakwisha. Basi wao hawana ziwa moja. Huruka kutoka ziwa hili hadi jingine, na huenda Ziwa Natron kutaga mayai. Usalama wao ni kuwa na mahali pengi.

Lakini njia hizi zina mwisho. Mti hauwezi kuamka asubuhi ukahamia Arusha. Mti huhama kwa mbegu tu, kizazi baada ya kizazi. Joto la sasa linapanda upesi kuliko mwendo huo. Na kama mbuzi wanakula kila mche unaoota, mbuyu mzee utakufa bila mtoto. Viumbe vinaweza kuzoea, ila vinahitaji muda na nafasi.

WATU NAO WANA NJIA HIZO

Wazee wetu walitumia njia zile zile tatu. Waliweka uwele na mtama katika vihenge, wakaanika mlenda na viazi vitamu. Akiba haiozi. Njaa ilipokaribia walibana matumizi, wakapunguza sherehe. Wengine walihamisha ng'ombe, au waliwagawa mapema kwa jamaa wa mbali ili ukame wa sehemu moja usimalize zizi lote. Huo ndio ujuzi wa heroe.

Hata nyumba ya tembe ni werevu wa nchi kavu. Paa la udongo hukinga jua la mchana na baridi ya usiku. Lakini tembe lilijengwa kwa mvua za zamani. Ikinyesha siku nne mfululizo, udongo wa paa unalowa, unakuwa mzito, na boriti zinalia. Kilichotufaa jana kinaweza kutuumiza leo. Mwenye tembe akague paa na boriti mapema, na achimbe mfereji wa kupeleka maji mbali na ukuta.

Zamani kila nyumba iliweza kujitafutia njia yake. Siku hizi hilo halitoshi, na tutaeleza kwa nini. Chukua mfano wa mbuzi. Mavuno yakikosekana, baba anasema, "Tutauza mbuzi tununue unga." Sawa. Lakini jirani naye anasema hivyo, na kata ya pili, na ya tatu. Siku ya mnada mbuzi wamejaa na wanunuzi ni wachache. Bei ya mbuzi inashuka, na bei ya unga inapanda siku ile ile. Aliyeuza mbuzi wawili mwezi wa tatu, mara tu alipoona shamba limeharibika, alipata chakula kingi kuliko aliyeuza wanne mwezi wa tisa.

Na kuna njia mbaya zaidi ya kuzoea: mkaa. Mvua ikikosa, tunakata miti na kuuza mkaa. Watoto wanakula mwezi huu. Lakini mti uliokatwa ndio uliokuwa ukishika udongo na kutoa kivuli na malisho. Mwaka ujao shamba ni dhaifu zaidi, tunakata tena. Hiyo ni dawa inayomla mgonjwa. Hatumlaumu mwenye njaa. Tunasema tu kwamba kijiji kisipopanga mapema, mwenye njaa hana njia nyingine.

Ndiyo maana binadamu anahitaji njia ya nne, ambayo mbuyu, chura na heroe hawana. Njia hiyo ni KUKUBALIANA.

MAJI YAKAE YALIPOANGUKA

Tuanze shambani. Hebu tufanye hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 kwenye eneo la mita 1 kwa mita 1 ni lita 1 ya maji. Eka moja ina mita za mraba 4,000 hivi. Basi mvua moja ya milimita 20 inamwaga kwenye eka moja lita 80,000. Hizo ni ndoo 4,000 za lita 20!

Nani katika nyumba yetu anaweza kubeba ndoo 4,000 kichwani? Mama zetu wanajua uzito wa ndoo moja. Na mvua inatuletea zote bure, mpaka mlangoni. Shamba likiwa tupu na gumu, nyingi zinakimbilia korongoni pamoja na samadi yetu.

Kazi yetu ni kuyasimamisha maji hayo. Lima matuta ya kukata mteremko, si ya kufuata mteremko. Ziba matuta hapa na pale ili maji yasitembee. Acha mabua shambani yafunike udongo, usiyachome yote.

Wenzetu wa kijiji cha Chololo, Mkoa wa Dodoma, wana njia ya mashimo ambayo imechukua jina la kijiji chao. Kila shimo lina upana wa sentimita 22 hivi na kina cha sentimita 30. Ndani wanatia majivu ya kuzuia mchwa, samadi na mabaki ya mazao, kisha wanapanda mbegu. Shimo linashika maji ya mvua, na mmea unavumilia siku nyingi za jua. Kuchimba ni kazi ngumu, hatufichi. Lakini unachimba wakati wa kiangazi, tena anza na robo eka, ulinganishe mwenyewe. Mkulima huamini macho yake.

MTAMA, MAHINDI NA KWELEA KWELEA

Kila mwaka Bwana Shamba anatuambia tupande mtama na uwele. Kila mwaka wengi wetu tunapanda mahindi. Je, sisi ni wakaidi? Hapana. Tuna sababu zetu, na ni vizuri zisemwe.

Sababu ya kwanza ni ndege. Kwelea kwelea hawawezi kuingia ndani ya gunzi la mahindi, maana limefunikwa. Suke la mtama liko wazi. Zamani watoto waliamia ndege, leo watoto wako shule, na shule ni haki yao. Sababu ya pili ni kazi ya kupura na kusaga. Sababu ya tatu ni mdomo: vijana wamezoea ugali mweupe.

Tazameni lakini jambo hili la ndege. Mtu mmoja akipanda mtama peke yake katikati ya mahindi ya majirani, ndege wote wanakuja kwake. Shamba lake linakuwa hoteli. Mwakani anaacha, na watu wanasema, "Tulimwambia." Lakini majirani 20 wakipanda mtama wiki moja, mashamba yakikaribiana, ndege wale wale wanagawanyika. Tena watu wazima wanaweza kuamia kwa zamu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtama unashindwa kwetu kwa sababu kila mtu anaamua peke yake.

Wala hatusemi mahindi yaachwe. Tunasema usiweke mayai yote chini ya kuku mmoja. Gawa shamba. Sehemu moja mtama wa muda mfupi, kama aina ya Macia, unaokomaa kwa miezi mitatu na nusu hadi minne. Sehemu nyingine uwele. Sehemu alizeti ya kuuza. Pembeni choroko au kunde, ambazo huiva upesi. Mahindi yapate bonde lenye unyevu. Mvua ikiwa nzuri, utakula vyote. Mvua ikikata, hutakosa vyote.

KONDOA NA SHINYANGA

Sasa tutoke shambani tuangalie malisho na miti, ambavyo ni mali ya wote. Hapa majirani zetu wametutangulia, na walifuata njia mbili tofauti.

Katika Kondoa, ardhi ilikuwa imeliwa na makorongo makubwa. Mwaka 1973 Serikali ilianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika. Wanyama zaidi ya 80,000 waliondolewa. Majani yaliota, miti ikarudi, makorongo yakaanza kutulia. Ardhi ilipona. Lakini swali linabaki: ng'ombe walikwenda wapi? Walikwenda kwa ndugu na majirani, kwenye ardhi za wengine. Waliobaki walikosa maziwa na samadi, mpaka baadaye waliporuhusiwa kufuga ng'ombe wachache zizini na kuwaletea majani.

Huko Shinyanga mwaka 1986 ulianza mradi ulioitwa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Nchi ilikuwa kavu, miti imekwisha. Wao walirudi kwenye desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili. Ngitili ni sehemu inayofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vikue, kisha inafunguliwa kiangazi kwa mpango. Familia zilikuwa na zao, vijiji vilikuwa na vyao. Sheria zilitungwa na wanakijiji wenyewe katika mikutano yao ya kimila, na faini walijitoza wenyewe. Ilipofika miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimerudi katika vijiji zaidi ya 800, hekta zaidi ya 300,000. Kuni zilikaribia nyumbani, asali ilipatikana, ndege walirudi.

Tunajifunza nini? Ardhi ikipewa nafasi, hupona. Hilo limeonekana kote kuwili. Tofauti ni nani aliyelipa gharama, na nani aliyeamua. Mpango ulioamuliwa na wenye ng'ombe wenyewe hauhitaji askari kila mti.

KISIMA CHETU NI CHA WENGI

Jambo la mwisho ni maji ya chini. Mwankoko tuna visima virefu ambavyo maji yake yanapelekwa mpaka mjini Singida. Mama anayefungua bomba mjini anakunywa mvua iliyoanguka huku na kuzama polepole ardhini.

Maji hayo ni kama akiba ya benki. Anayeweka ni mvua, na anayetoa ni pampu. Ardhi ikiwa na nyasi na miti, mvua inazama na akiba inaongezeka. Ardhi ikiwa uchi, mvua inakimbia juu na akiba haiongezeki, hata mwaka wa mafuriko. Kwa hiyo tunapotunza nyasi zetu tunatunza bomba la mjini. Na watu wa mjini wanapaswa kulijua hilo. Si sawa mkulima aambiwe, "Usilime hapa, usichunge pale," halafu yeye mwenyewe akose bomba au akose msaada wa miche. Makubaliano ya kweli yana pande mbili.

KABLA YA MSIMU

Ndugu msomaji, sasa tufupishe.

1. Mwezi Oktoba sikiliza redio, au soma kwenye simu, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakisema mvua "chini ya wastani", maana yake ni pungufu kuliko kawaida ya miaka mingi. Huo ni utabiri, si ahadi. Uchanganye na dalili za wazee.

2. Chagua mbegu na majirani zako, si peke yako. Mpange siku ya kupanda na zamu ya kuamia.

3. Tayarisha matuta au mashimo wakati udongo bado mkavu.

4. Usiuze chakula chote wakati wa mavuno. Pima debe za kula mpaka mavuno yajayo, ndipo uuze kilichobaki. Ukiona shamba limeharibika, uza mbuzi mapema.

5. Katika mkutano, tengeni sehemu moja, hata ndogo, ipumzike isichungwe kwa msimu mmoja. Mwandike mpaka wake na faini yake kwenye daftari.

Kuandika huko ni muhimu. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua: neno lililosemwa mkutanoni linasahaulika njiani, na neno lililoandikwa linangoja. Andikeni pia siku mvua ilipoanza na siku ilipokata. Baada ya miaka kumi, mtoto wako atakuwa na kitu ambacho babu yako hakuwa nacho.

MASWALI YA KUJADILI

Mbona watu wa kwetu wanapenda mahindi kuliko mtama? Ni sababu ipi inaweza kuondolewa na mtu mmoja, na ipi inahitaji majirani wote?

Mvua inyeshapo, maji ya shamba lako yanakwenda wapi? Umepata kuyafuata?

Kama kijiji kitafunga malisho mwaka huu, nani ataumia zaidi? Kijiji kitamsaidiaje?

Swali hilo la tatu ndilo gumu, nalo lijadiliwe kwanza, kabla watu hawajachoka na kuanza kuaga.